Kufananisha kwa Haki na Kufananisha kwa Hila

(Mada iliyotolewa kwa wanakamati wa Haki na Amani, Mpapura)



Katika mada zilizotangulia tumezungumza juu ya ardhi, juu ya mirathi ya wajane na juu ya haki za mkulima mbele ya mizani. Leo tumeombwa kuzungumza juu ya maneno. Huenda wapo watakaouliza maneno yana uhusiano gani na haki. Tunajibu kwamba kabla mtu hajanyimwa shamba lake au malipo yake, mara nyingi hunyimwa kwanza nafasi ya kusikilizwa. Na njia iliyo rahisi ya kumnyima nafasi hiyo ni kumfananisha na mtu mwingine ambaye wote walioko mkutanini wanamchukia tayari.

Tuangalie jinsi jambo hili linavyofanyika. Mkulima anasimama katika mkutano wa chama cha msingi na kuuliza: korosho zetu zimekwisha kupimwa, mnada umefanyika, mbona malipo hayajafika? Swali hilo lina jibu, liwe zuri au baya. Ama mnunuzi hajalipa, ama benki imechelewa, ama fedha zimepita njia ambayo hazikupaswa kupita. Lakini jibu linalotoka meza kuu ni hili: "Wewe unazungumza kama kangomba." Watu wanacheka, mkulima anaketi, na ajenda inayofuata inasomwa.

Kila mmoja wetu hapa anajua kangomba ni nini. Ni ile biashara ya kununua korosho vijijini kwa bei ya kutupa, kwa bakuli badala ya mizani, nje ya utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza katika mkoa wetu mwaka 2007. Msimu wa mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na wakulima wakahakikiwa kabla ya kulipwa, kuitwa kangomba hakukuwa mzaha hata kidogo. Sasa tujiulize, yule mkulima na kangomba wamefanana kwa lipi? Wamefanana kwa jambo moja tu, yaani wote wawili hawaridhiki na ghala. Lakini kangomba haridhiki kwa sababu hataki mizani, na mkulima haridhiki kwa sababu anataka kile kilichopimwa kwenye mizani kilipwe. Matakwa yao yanapingana kama usiku na mchana. Aliyewafananisha amechukua kitu kimoja kidogo kilicho sawa, akakifunika kitu kikubwa kilicho tofauti.

Wenyeji wa huku wanaijua ngoma ya mapiko. Mchezaji huvikwa kinyago kichwani na kufunikwa mwili mzima kwa nguo, na zamani wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo si mtu. Kinyago kikishavikwa, hakuna anayeuliza jina la aliye ndani. Mkulima wetu amevikwa kinyago cha namna hiyo mbele ya majirani zake, ila yeye hakukubali kuvikwa, wala hakuna ngoma.

Isidhaniwe kwamba tunakataza kufananisha. Wazee wetu hufundisha kwa mifano, na akili ya binadamu haiwezi kufanya kazi bila kulinganisha. Mkulima anayeona unga mweupe kwenye maua ya mkorosho wake husema: huu unafanana na ubwiri unga wa mwaka jana, kwa hiyo tupulizie salfa. Amelinganisha, na amefanya vizuri, kwa sababu mfanano aliouona ndio hasa unaohusika na dawa. Angesema kwamba mkorosho huu umepandwa karibu na njia kama ule uliokufa, kwa hiyo nao utakufa, tungemcheka. Basi kipimo tunachopendekeza si kigumu. Unaposikia mtu akifananishwa na mwingine, uliza wamefanana kwa jambo gani, kisha uliza kama shauri linalozungumzwa linategemea jambo hilo. Swali la pili ndilo wengi tunalolisahau.

Tuchukue sasa mfano mkubwa zaidi, ambao mkoa huu haujausahau. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na kwa miaka mingi ikakaa chini bila kutumika. Baadaye Serikali iliamua kujenga bomba la kuisafirisha hadi Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 500, na Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi mwezi Novemba 2012. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo maelfu ya watu waliandamana mjini Mtwara. Mwezi Januari 2013 ghasia zilizuka, hasa Masasi, na watu walipoteza maisha. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, ghasia zilizuka tena mjini Mtwara; watu walikufa, majengo yalichomwa moto, na jeshi likaletwa. Bomba lilijengwa hata hivyo, na likazinduliwa mwezi Oktoba 2015.

Walioandamana hawakuwa na sauti moja. Wako waliosema gesi isitoke kabisa. Wako waliosema mitambo ya kufua umeme na viwanda vijengwe huku, kisha umeme ndio usafirishwe. Wako waliotaka tu kuelezwa watapata nini. Na nyuma ya maneno yao ilikuwapo kumbukumbu ndefu. Reli kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka 10, tangu 1964 hadi 1974, mpaka wa Ruvuma ulikuwa mpaka wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Viwanda vya kubangua korosho vilijengwa, kisha vingi vikafungwa. Mtu aliyeona mambo hayo yote akiuliza habari za bomba, swali lake lilistahili kujibiwa taratibu.

Hebu tupime baadhi ya mifano iliyotumika wakati ule. Katika hotuba yake ya kufunga mwaka, tarehe 31 Desemba 2012, Rais alieleza kwamba rasilimali iliyopo mahali popote nchini ni mali ya Watanzania wote. Hoja hiyo ni nzito, na mtu wa haki hawezi kuipuuza. Kutokana nayo ukazuka ulinganisho uliorudiwa mitaani na magazetini: mbona watu wa Geita hawakuzuia dhahabu, wala watu wa Mwadui hawakuzuia almasi? Tunasema ulinganisho huu ulikuwa na nusu ya haki. Ni kweli kwamba Geita na Mtwara ni mikoa ya nchi moja, na sheria ni moja. Lakini dhahabu haifui umeme, kwa hiyo swali la mahali pa kujenga mitambo halikujibiwa kwa kuitaja dhahabu. Zaidi ya hayo, mwenye kulinganisha kwa haki hulinganisha hadi mwisho. Angeendelea kuuliza watu wa Geita walipata nini. Angekuta kwamba kwa miaka mingi kampuni kubwa za dhahabu zililipa halmashauri za maeneo ya migodi kiasi maalumu cha dola 200,000 kwa mwaka, na kwamba ilichukua muda na mabishano marefu hadi zikaanza kulipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato. Kumbe Geita nako kulikuwa na manung'uniko! Mfano uleule uliotumika kuwanyamazisha watu wa Mtwara ungeweza kutumika kuanzisha mazungumzo ya maana juu ya ushuru, ajira na huduma.

Ulinganisho wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Wako waliosema watu wa kusini wanataka kujitenga, na majina ya Katanga na Biafra yakatajwa. Katanga ilijitangazia uhuru kutoka Kongo mwezi Julai 1960, ikawa na rais wake na jeshi lenye mamluki wa kigeni, hadi ilipovunjwa mwezi Januari 1963. Biafra ilijitenga na Nigeria mwaka 1967, na vita vyake vikaendelea hadi mwaka 1970. Anayetaka kujitenga hana haja ya kuiomba serikali kuu imjengee mtambo. Anayeomba ajengewe mtambo amekwisha kukiri kwamba serikali hiyo ni yake. Tena tuseme pembeni kidogo: Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na Mwalimu Nyerere alieleza sababu zake hadharani. Mwenye kulitumia jina la Biafra kama kitisho kwa Mtanzania angefaa kulijua jambo hilo kabla hajafungua kinywa. Na kama Nigeria ilikuwa lazima itajwe, ulikuwapo mfanano wa kweli wa kuutazama: watu wa eneo la mto Niger, ambao mafuta yalichimbwa kwao huku mito na mashamba yao yakichafuliwa, na ambao msemaji wao, mwandishi Ken Saro-Wiwa, alinyongwa na serikali ya kijeshi mwezi Novemba 1995. Mfanano huo ulikuwa unawataka wenye mamlaka wasikilize mapema.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki hiyo ni ya pande zote. Upande wa wananchi nao hila ilikuwapo. Kiongozi aliyesema "tusubiri maelezo" aliitwa Yuda. Serikali iliitwa mkoloni. Nyumba za baadhi ya viongozi zilichomwa, na kabla ya kuchomwa moto wenye nyumba hizo walikuwa wamekwisha kufananishwa na wasaliti. Je, Serikali ilifanana na mkoloni? Ilifanana kwa jambo moja, kwamba uamuzi ulifanywa mbali na maelezo yakachelewa kufika. Jambo hilo lilifaa kusemwa wazi, kwa jina lake. Lakini Mjerumani na Mwingereza hawakuchaguliwa na mtu wa Mtwara, wala hawakuweza kuondolewa kwa kura yake. Aliyesema ni mkoloni yuleyule alikuwa anamwambia msikilizaji kwamba kura haina kazi tena na kilichobaki ni mawe. Hatuoni kwamba maneno hayo yalimsaidia mtu yeyote aliyezikwa mwaka ule.

Iko namna nyingine ambayo tutaipitia haraka, kwa kuwa mnaikuta kila siku. Mwalimu mkuu akiwa mkali, huitwa Idi Amin. Mtendaji wa kata akisisitiza michango, ni Idi Amin. Baba akimkataza binti kutoka usiku, naye ni Idi Amin. Amin alikuwa bingwa wa ndondi nchini Uganda kabla ya kupindua serikali tarehe 25 Januari 1971. Haina maana kwamba kila mpenda ndondi ni nduli. Uovu wake ulikuwa mauaji ya maelfu ya raia na uvamizi wa Kagera mwaka 1978. Asiyeua na asiyevamia hafanani naye katika lile linalotufanya tumchukie. Jina hilo likitumika kwa kila mkali, siku atakapotokea muuaji wa kweli hatutakuwa na neno la kumwita.

Tunafika sasa mahali ambapo jambo hili linaacha kuwa kero na kuwa hatari. Ulinganisho ukirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa jina. Majirani zetu wa Rwanda walikuwa na neno inyenzi, yaani mende. Katika miaka ya 1960 lilitumika kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa wakivuka mpaka usiku kutoka uhamishoni. Baada ya mwaka 1990 lilielekezwa kwa waasi waliotoka Uganda, kisha kwa Watutsi wote, wakiwamo bibi vizee na watoto wachanga ambao hawajavuka mpaka wowote. Redio RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ililitangaza neno hilo kwa nyimbo na kwa mzaha. Mwaka 1994 watu waliuawa kama wadudu kwa sababu walikuwa wamekwisha kuitwa wadudu. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio na gazeti. Kenya nako, katika Bonde la Ufa, neno madoadoa lilitumika kwa watu wa makabila mengine walioishi humo, kana kwamba jirani ni doa la kusafishwa kwenye nguo. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu wengi walifukuzwa makwao na wengine kuuawa.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu sana. Mtu aliyehudhuria mada kama hii anaweza kurudi kijijini kwake na kumwambia kila anayetukana, "Wewe ni redio ya Rwanda." Akifanya hivyo atakuwa ametumia silaha ileile tunayoikataa. Tusi la kilabuni si mauaji ya halaiki. Tuitaje Rwanda pale tu tunapoona alama zake zilizo halisi: kundi zima la watu linapewa jina la mnyama au uchafu, jina hilo linatamkwa na wenye mamlaka au wenye vyombo vya habari, na halikemewi.

Tunasema haya kwa sababu mpakani kwetu kuna neno moja ambalo tunaliogopa. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado halijapata utulivu wa kudumu. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, kilishambuliwa na watu wakauawa. Mwezi Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, na waliokimbia wakavuka mto kuja kwetu. Hofu iliyopo ina sababu, na hatutaki kumdhihaki mtu yeyote anayeogopa. Lakini ndugu wapendwa, tuseme kijana anasimama katika mkutano wa kijiji na kuuliza juu ya mipaka ya shamba la baba yake lililochukuliwa. Ana ndevu, ana shangazi aliyeolewa ng'ambo ya mto, na anazungumza kwa ukali. Mtu mmoja ananong'ona, kwa sauti inayosikika, "Huyu ni kama wale wa Palma." Wamefanana kwa lipi? Kwa ndevu, kwa lugha, kwa ukoo na kwa ukali wa sauti. Nusu ya watu wa pwani hii wana ukoo ng'ambo ya Ruvuma. Na je, mpaka wa shamba unategemea ndevu?

Yapo maswali halali ya usalama: mtu alikuwa wapi, alifanya nini, nani alimwona. Hayo huulizwa na wanaohusika, kwa ushahidi, na mhusika akapewa nafasi ya kujibu. Neno lililorushwa katika mkutano wa ardhi halina ushahidi wala nafasi ya kujibu, lakini linaweza kumfikisha kijana yule mahabusu usiku uleule, na shamba likabaki kwa aliyelichukua. Mara nyingi inafaa kuuliza nani atapata faida mwenye swali akinyamaza.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kina kisa kinachofanana na hiki kwa haki kabisa. Paulo alipokamatwa Yerusalemu, jemadari wa Kirumi alimdhania kuwa ni yule Mmisri aliyeongoza watu elfu nne wenye silaha kwenda jangwani. Wote wawili walikuwa wageni mjini na wote wawili walizungukwa na ghasia. Mfanano ukaishia hapo. Paulo hakumtukana jemadari, wala hakuanza kumjadili yule Mmisri. Alisema yeye ni nani, alitaja mji wake wa Tarso, kisha akaomba ruhusa ya kuzungumza na watu. Akapewa.

Namna hiyo inawezekana hata kwetu, ingawa si rahisi mbele ya watu wanaocheka. Aliyeitwa kangomba akianza kujitetea kwamba yeye si kangomba, mkutano utaisha ukizungumza juu ya kangomba. Afadhali aseme sentensi moja, "Mimi nina stakabadhi ya ghala mkononi," kisha alirudie swali lake kama alivyoliuliza mwanzo. Jirani aliyeketi karibu naye anaweza kusaidia kuliko yeye mwenyewe, kwa kusimama na kusema kwamba hata yeye anasubiri jibu la swali hilo. Kinyago hakikai vizuri kwenye vichwa viwili.

Mwenyekiti naye ana wajibu. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa mujibu wa sheria unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, ni mahali pa wananchi kuuliza. Mwenyekiti akisikia ulinganisho wa hila anaweza kumuuliza aliyeutoa, kwa upole, mfanano huo unahusu nini katika ajenda iliyopo. Mara nyingi hatapata jibu, na mkutano utaendelea. Katibu aandike swali katika kumbukumbu kabla ya kuandika jibu, kwa maneno ya aliyeuliza. Mkutano ujao kumbukumbu zikisomwa, wote watasikia kwamba mtu aliuliza habari za malipo na akajibiwa habari za kangomba. Tumeona katika baadhi ya vijiji kwamba zoezi hili dogo limewafanya viongozi wachague maneno yao.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi kwa vigango. Kila kikundi kikumbuke mkutano mmoja uliofanyika kijijini kwenu tangu msimu uliopita wa korosho, ambao mtu aliuliza jambo akafananishwa na mwingine. Msitaje majina ya watu. Andikeni swali lilikuwa nini, alifananishwa na nani, wamefanana kwa lipi, na kama swali hilo limejibiwa hadi leo. Yale ambayo hayajajibiwa tutayakusanya na kuyapeleka panapohusika, yakiwa na tarehe ya mkutano.